Sura ya Saba: Herufi za Pambizoni

Katika Maktaba ya Taifa ya Urusi, mjini Saint Petersburg, umehifadhiwa msahafu wa Kiebrania ulionakiliwa Misri, katika mji wa Fustat ambao baadaye ulimezwa na Kairo, na ambao katibu wake aliuwekea tarehe kwa hesabu tano mbalimbali, mojawapo ikiwa ni mwaka 399 wa Hijra, unaolingana na mwaka 1008 au 1009 wa Miladi. Wataalamu wameuzoea kwa jina la mji ule ulipokuwa ukiitwa Leningrad, nao huuheshimu sana, kwani miongoni mwa misahafu ya Kiebrania iliyo kamili tangu mwanzo hata mwisho, hakuna mwingine wenye tarehe inayojulikana ulio mkongwe kuliko huo. Katibu wake, Samuel bin Jacob, alifanya peke yake kazi ambayo kwa desturi ya zama zake aghalabu iligawanywa baina ya watu wawili au watatu: aliandika herufi, akatia irabu, akaandika na maelezo ya pambizoni; kisha, kana kwamba mkono wake ulikuwa bado haujachoka, akajaza kurasa 16 kwa nakshi tupu. Mtu azitazamapo kurasa hizo kwa umbali wa hatua moja huona nyota, duara, matao na mafundo ya mapambo yenye rangi na dhahabu. Lakini asogezapo uso karibu, nyuzi zile zinazoizunguka nyota humfunukia machoni zikawa maneno, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo mno, neno likilifuata neno bila ya pengo kwenye pembe wala kwenye mzingo.

Sanaa hiyo huitwa mikrografia, na katika dini na kaumu nyingi za ulimwengu Wayahudi ndio walioikuza mpaka ikawa na historia yake yenyewe, yenye miaka zaidi ya elfu moja. Sharti lake ni moja tu, nalo ni gumu: mstari wa picha uwe ni mwandiko wenyewe. Msanii hachori simba kisha akamjaza maneno tumboni. Ukingo wa mgongo wa simba, mkunjo wa mkia wake na makucha yake vyote huandikwa, na maneno yakifutwa hakuna simba anayebaki. Kwa hiyo, kabla ya kutia kalamu katika wino, katibu hupiga alama hafifu za kumwongoza, akapima kwa jicho urefu wa maandiko aliyo nayo na urefu wa njia ambayo maandiko hayo yatapita, ili aya isimwishie kabla ya picha kutimia, wala picha isitimie kabla ya aya kwisha. Kimo cha herufi aghalabu hakizidi milimita moja au mbili. Kiebrania kina manufaa makubwa kwa kazi hiyo, maana herufi zake husimama moja moja bila ya kushikana, nyingi zikiwa za umbo la mraba, na irabu zaweza kuachwa. Basi mstari wa Kiebrania huweza kupinda, kupanda na kushuka pasipo kuharibika, jambo ambalo ni zito kwa mwandiko wenye herufi za kuungana.

Lakini ustadi wa mkono hautoshi kutueleza ni kwa nini sanaa hii ilizaliwa, na hapa yafaa tukae kwa utulivu, kwani ndipo penye kiini cha habari yote.

Maandiko ya Kiebrania ya kale yaliandikwa kwa konsonanti peke yake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyepata kuona utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu pasipo irabu ataifahamu taabu hiyo mara moja: mifupa ya neno ipo mbele ya macho, lakini sauti yake sharti mtu awe anaijua kabla ya kusoma. Maadamu lugha ilikuwa hai vinywani, taabu hiyo ilikuwa nyepesi. Kiebrania kilipoacha kuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni kikabaki lugha ya sala na ya darasa, pakawa na hofu ya kweli kwamba matamshi yatapotea au, lililo baya zaidi, yatatofautiana baina ya mji na mji. Ndipo wakainuka maulamaa waitwao Wamasora, ambao kazi yao ilishamiri hasa katika mji wa Tiberia, kando ya Bahari ya Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10. Wao walibuni alama za irabu na za mahadhi ya kusomea, wakazitia juu na chini ya herufi bila ya kuigusa herufi yenyewe. Na fauka ya hayo wakaanzisha daftari kubwa la ulinzi liitwalo Masora, lililoandikwa pambizoni mwa kila ukurasa, aghalabu kwa lugha ya Kiaramu na kwa vifupisho.

Ulinzi huo ulikuwa wa namna gani? Ulikuwa wa kuhesabu. Penye neno la kwanza kabisa la Taurati, Masora humwambia mnakili kwamba neno hilo kwa umbo hilo hutokea mara tano katika maandiko yote, na kwamba katika hizo mara tatu huwa mwanzoni mwa aya. Neno lisilo na mwenziwe popote hutiwa herufi moja tu ya lamedi pembeni, yaani: halina la pili, usidhani ni kosa ukalisahihisha. Aya za Taurati zilihesabiwa zikawa 5,845, na herufi zake, katika magombo yanayosomwa leo, ni 304,805. Maulamaa wa Kiislamu nao walizihesabu aya, maneno na herufi za Kurani, basi moyo uliowasukuma hautakuwa mgeni kwa msomaji: ni moyo wa mtu aliyekabidhiwa amana ambayo hana ruhusa ya kuipunguza wala kuizidisha. Maelezo mafupi yaliwekwa katika nafasi baina ya safu, na yale marefu yakawekwa juu na chini ya ukurasa. Na kwa kuwa pambizo ni nyembamba na maelezo ni mengi, maelezo hayo yalilazimika kuandikwa kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mikrografia ilizaliwa pambizoni, katika mkono wa mlinzi wa maandiko, pale ambapo udogo wa herufi ulikuwa tayari ni dharura ya kazi. Na katibu ambaye ameandika mistari kama hiyo mwaka baada ya mwaka hatimaye ataupinda mmoja, auzungushe, aone kwamba unapendeza. Tena alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo, kwa sababu sheria ya Kiyahudi hutenganisha sana baina ya gombo na kitabu. Gombo la Taurati linalosomwa katika sinagogi haliruhusiwi kutiwa irabu, Masora, wala pambo lolote. Ni konsonanti tupu, kwa kaida zilizokazwa, na kosa la herufi moja hulizuia lisisomwe mpaka lirekebishwe. Kitabu cha kurasa zilizoshonwa, kinyume chake, kilikuwa cha kujifunzia na cha kusahihishia nakala nyingine, na uhuru uliokatazwa katika gombo ulihamia humo.

Husemwa mara nyingi, hata na watu wa elimu, kwamba Wayahudi waliibuni sanaa hii ili kuikwepa amri ya pili katika zile kumi, inayokataza kufanya sanamu ya kuchonga na mfano wa kitu chochote kilicho mbinguni au duniani: kwa kuwa kuchora kumeharamishwa, ati, wakachora kwa maandishi. Rai hii ni nyepesi kushika, lakini ukweli unaikataa. Katika sinagogi la Dura-Europos, nchini Syria, lililopambwa katikati ya karne ya 3, kuta zilijaa picha za manabii na wafalme zenye sura za watu waziwazi. Katika misahafu ya Kiyahudi ya Ujerumani ya karne ya 13 na ya 14, joka lililoundwa kwa herufi hukaa katika ukurasa uleule wenye wanyama waliopakwa rangi na dhahabu kwa brashi, na lau sheria ingalikuwa ndiyo sababu, wale wa brashi wasingalikuwapo. Rabi Meir wa Rothenburg, aliyefariki mwaka 1293 na ambaye fatwa zake zilitegemewa na Wayahudi wa nchi zile zote, alipoulizwa juu ya picha za ndege na wanyama katika vitabu vya sala hakuzikubali, lakini hoja yake ilikuwa kwamba humshughulisha mwenye kusali. Hakusema kwamba ni ibada ya masanamu. Amri ya pili bila shaka iliathiri adabu ya sanaa ya Kiyahudi kwa jumla, ila kuifanya ndiyo mama wa mikrografia ni kumdhulumu yule katibu wa pambizoni, ambaye mapenzi yake kwa herufi yalitosha kuwa sababu.

Sababu nyingine ilikuwa ni ujirani. Misri na Palestina za karne ya 10 zilikuwa nchi za Kiislamu, na katibu wa Kiyahudi wa Fustat alizungumza Kiarabu, alinunua wino na ngozi katika soko moja na mnakili wa Kurani, na macho yake yaliona nakshi zilezile za nyota na mafundo. Waarabu nao walikuwa na khati ndogo mno waliyoiita ghubari, yaani vumbi, ambayo husemwa ilitumiwa kwa barua zilizofungwa katika njiwa, na baadaye kwa misahafu midogo ya kuchukuliwa mwilini. Siku zote elimu ya kuandika vizuri imepita juu ya mipaka ya dini kwa wepesi zaidi kuliko elimu nyingine. Athari ya ujirani huo huonekana hata Yemen, ambako Taurati iliyonakiliwa Sanaa mwaka 1469, na ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza jijini London, ina kurasa mbili za nakshi zilizosifika: samaki waliopangwa kwa mviringo na mfano wa vilima, vyote kwa mwandiko mdogo. Kwa rai yangu hakuna kurasa za sanaa hii zilizo tulivu kuliko hizo, kwani samaki wale hawakuzidishwa wala kulemezwa na mapambo, na maneno yake bado yasomeka.

Maneno yake bado yasomeka: nalisema hili kwa kusudi, kwa maana huko Ulaya ya kaskazini mambo yalikwenda njia nyingine. Makatibu wa Ujerumani na Ufaransa hawakuridhika na nyota na duara. Walitaka majoka yenye mabawa, mashujaa waliopanda farasi, mbwa wanaofukuza sungura, na wanyama wasiokuwa na jina katika lugha yoyote, kama wale ambao Wakristo jirani zao walikuwa wakiwachora pambizoni mwa vitabu vyao vya Kilatini. Taurati moja ya Ujerumani iliyomo London ina nabii Yona akimezwa na samaki, samaki na nabii wote wawili wakiwa wametokana na herufi za Masora. Nami nakiri kwamba ni kazi ya kustaajabisha, yenye uhai na nguvu. Lakini tuulize: yule mnakili anayetaka kujua neno fulani hutokea mara ngapi, atasomaje jibu lililojipinda ndani ya pezi la samaki?

Swali hilo liliulizwa mapema. Katika Sefer Hasidim, kitabu cha mawaidha kinachonasibishwa na Rabi Yehuda Mchaji wa Regensburg, aliyefariki mwaka 1217, imeelekezwa kwamba mtu anayemwajiri katibu amwandikie Masora aweke sharti naye tangu mwanzo kwamba asiifanye kuwa picha za ndege, wanyama au miti, kwani hapatakuwa na njia ya kuisoma. Sharti la namna hiyo haliwekwi ila pale ambapo desturi yenyewe imekwisha kuenea. Na hofu ya mchaji yule ilikuwa ya haki. Masora ilipokuwa ndefu kuliko joka ilikatwa. Ilipokuwa fupi ilirudiwa, au ikaongezwa maneno mengine ili mkia utimie. Ulinzi uliokuwa umehesabu kila herufi sasa ulikuwa ukipunguzwa na kuzidishwa kwa ajili ya umbo, tena na watu walioipenda Taurati kwa dhati. Siwaoni kuwa waovu. Lakini haiwezekani kuisimulia habari hii kwa uaminifu bila ya kusema kwamba sanaa ile ile iliyoota kutokana na kuyalinda maneno ilifika mahali ikayala.

Hispania ilishika njia ya katikati. Huko kazi iligawanywa kwa nidhamu, na twaweza kuona mgawanyo huo katika msahafu wa Cervera, ulioandikwa kati ya 1299 na 1300 na ambao leo umo Lisbon, ambapo katibu wa maandiko alikuwa mmoja, mchoraji wa rangi mwingine, na Masora ikawa mikononi mwa Joshua ibn Gaon. Huyu ibn Gaon, mtu wa Soria, alikuwa fundi mkubwa wa mwandiko mdogo, na alikuwa na mazoea ambayo yamewafurahisha wanavyuoni wa nyakati zetu: aliliingiza jina lake mwenyewe ndani ya nakshi, hata likawa halionekani ila kwa anayelitafuta. Katika Katalonia, karne ya 14, kilitengenezwa kitabu cha sala za siku kuu ambacho sasa ni mali ya Maktaba ya Taifa ya Israel, chenye kurasa nzima za mikrografia mwanzoni mwake, zenye miti, wanyama na watu. Na humo sanaa imekwisha kutoka pambizoni ikapewa ukurasa wake wenyewe.

Baadaye ikaja chapa. Jacob ben Hayyim, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis, alipokuwa akitayarisha Biblia ya Kiebrania iliyochapishwa Venice mwaka 1524 na 1525 katika kiwanda cha Daniel Bomberg, alikusanya misahafu mingi ili atoe humo Masora iliyo sahihi, na katika dibaji yake alisema kwa uchungu yale aliyoyakuta: maelezo yaliyofupishwa na kupambwa hata hayasomeki, maana muradi wa mwandishi ulikuwa ni kuupendezesha mwandiko wake, wala hakujali maana. Yalikuwa ni malalamiko ya mchaji wa Regensburg, yakirudi baada ya karne tatu kutoka kwa mtu aliyelazimika kuyafumbua majoka yale herufi kwa herufi. Masora ikachapwa kwa risasi, katika mistari iliyonyoka, na kazi ya zamani ya katibu wa pambizoni ikakoma.

Lakini sanaa yenyewe haikukoma, nami naona ya kwamba ilinufaika kwa kutwaliwa ile dhamana. Kwa kuwa haikuwa tena na wajibu wa kuzibeba hesabu za Masora, ilitafuta maandiko ambayo watu waliyajua kwa moyo na ambayo msomaji hapotezi kitu akishindwa kusoma neno moja: Zaburi, na vile vitabu vitano vifupi vinavyosomwa katika siku kuu, yaani Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta. Katika Italia mwandiko mdogo uliingia katika hati za ndoa, ambazo familia ziliona fahari kuzipamba. Jijini Vienna, katika karne ya 18, Aaron Wolf Herlingen, mzaliwa wa Gewitsch katika Moravia, aliviandika vitabu vyote vitano katika karatasi moja moja, akitumia lugha na khati mbalimbali: Kiebrania, Kilatini, Kijerumani na Kifaransa. Nyakati zizo hizo Wakristo nao walikuwa wameipokea. Mjerumani Matthias Buchinger, aliyezaliwa mwaka 1674 bila ya mikono wala miguu, alijichora mwaka 1724 katika picha ambayo mawimbi ya nywele zake za bandia yamebeba Zaburi kadhaa na Sala ya Bwana. Jinsi alivyoweza kuishika kalamu huwapumbaza watu hata leo.

Katika karne ya 19, chapa ya jiwe, iliyogunduliwa na Alois Senefelder mwaka 1796, iliiwezesha karatasi moja ya mikrografia kutolewa mamia ya nakala, na Myahudi maskini wa Ulaya ya mashariki akaweza kutundika ukutani picha ya Musa mwenye mbao za amri, ya mfalme Suleiman aliyeandikwa kwa Wimbo Ulio Bora, au ya mtu wa zama zake kama Moses Montefiore na, baadaye, Theodor Herzl. Nyingi katika hizo ni kazi za biashara na sura zake ni ngumu. Walakini kuna zile ambazo msanii amechagua andiko kwa busara, akaliweka neno lenye uzito mahali penye jicho au mkono, na hizo zastahili kuwekwa pamoja na kurasa za Fustat na Sanaa. Mtaalamu Leila Avrin, ambaye maonyesho na kitabu chake cha mwaka 1981 katika Jumba la Makumbusho la Israel viliikusanya kwa mara ya kwanza historia hii ya miaka elfu, aliziweka za kale na za karibuni pamoja bila ya kuzibagua, na nadhani alifanya vema.

Mwaka 2007 wahandisi wa Technion, mjini Haifa, waliichonga Biblia nzima ya Kiebrania kwa miali ya ayoni juu ya kipande cha silikoni kilichopakwa dhahabu, katika eneo lisilozidi nusu milimita mraba. Watu wengine wamekiita kipande hicho kilele cha mikrografia. Mimi sikihesabu katika ukoo huu, pamoja na heshima yangu yote kwa elimu iliyokitenda, kwa maana macho ya binadamu hayawezi kukisoma yakikaribia kiasi chochote, wala hakina umbo la kutazamwa kwa mbali. Na samaki wa Sanaa wanavyo vyote viwili.